KAZI YA MTOTO NA MKONO WA MZAZI



Tumezoea kuleta mbele ya kanisa mambo makubwa ya nyumba zetu: ndoa, ugonjwa, matanga, ugomvi wa urithi. Leo tunapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo. Mwalimu wa sayansi anawaambia wanafunzi: «Kila mmoja afanye jaribio nyumbani, aandike aliyoyaona, alete kazi yake wiki ijayo.» Mtoto anarudi na daftari lake. Tangu saa ile si mtoto peke yake anayepimwa. Wazazi nao wanapimwa, hata kama hakuna mtu atakayewapa pointi.

Tazameni jinsi nyumba zinavyojibu. Baba mmoja anasema: «Hiyo ni kazi ya masomo, mimi nimechoka,» na mtoto anahangaika peke yake mpaka usiku. Mama mwingine anaona huruma. Anamwambia mtoto alale, kisha anamwita mdogo wake aliyesoma chuo kikuu, na wao wawili wanamaliza kila kitu, hata maandishi. Baba wa tatu anatafuta fundi, anamlipa, na siku ya kutoa kazi mtoto anabeba chombo kizuri ambacho hajui hata sehemu zake zinaitwaje. Wote watatu wanampenda mtoto wao, hilo hatulibishi. Swali letu ni hili: upendo wa mzazi uingie mpaka wapi katika kazi ya mtoto, na usimame wapi?

KAZI YA SAYANSI NI USHUHUDA

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya pointi tu, yanahusu shule, hayahusu roho.» Lakini tuangalie kwanza kazi yenyewe ni kitu gani. Katika kazi ya sayansi mwanafunzi anasema maneno matatu: nilifanya hivi, niliona hivi, kwa hiyo nafikiri hivi. Huo ni ushuhuda. Shahidi anayeitwa barazani haulizwi kama maneno yake ni matamu au kama nguo yake ni safi. Anaulizwa neno moja: ulikuwapo, uliona?

Basi, ikiwa kazi imefanywa na mtu mwingine, mtoto anasimama mbele ya darasa kushuhudia mambo asiyoyaona. Anasema «nilipima» na hakupima. Anasema «niliona» na usiku ule alikuwa amelala. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haikutolewa kwa ajili ya mahakama peke yake. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba uongo huu mtoto hakufundishwa na vijana wabaya wa barabarani. Amefundishwa na wazazi wake, mezani pao, kwa upendo.

MFANO WA MALIMAO

Tuchukue mfano mmoja, kusudi neno letu lisibaki hewani. Mtoto wa Lubumbashi anaambiwa aonyeshe namna ya kupata umeme bila betri ya dukani. Anachukua limao, anachoma ndani yake kipande cha waya wa shaba na msumari uliopakwa zinki, bila kuviacha viguse. Ni sayansi ya zamani. Mwaka 1800 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alitangaza chombo chake kilichotoa umeme kwa kupanga sahani za metali mbili, moja yao zinki, na kati yao vitu vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Na kwetu Katanga metali hizi si wageni. Shaba yetu inajulikana duniani kote, na mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni mgodi wa zinki. Ulisimamisha kazi mwaka 1993, ukaanza tena kuchimba mwaka 2024.

Sasa mtoto anaunganisha limao lake na taa ndogo ya tochi ya zamani, ile yenye uzi ndani ya kioo. Taa haiwaki. Anaongeza limao la pili, la tatu, la nne. Haiwaki. Kesho ni siku ya kutoa kazi. Anaita: «Papa, taa inakataa.»

Hapa ndipo mzazi anapopimwa. Baba anaweza kuchukua betri ya tochi, kuificha chini ya sanduku, na kupitisha waya nyuma ya malimao. Taa itawaka, wenzake watapiga makofi, mwalimu atatoa pointi. Mtu atauliza: «Nani ameumia?» Tunajibu: mtoto ameumia, kwa sababu ile taa iliyokataa kuwaka ilikuwa na jambo la kumwambia, na baba yake ameiziba mdomo.

Ilitaka kumwambia nini? Kwamba limao moja lenye shaba na zinki linatoa karibu volti moja, lakini mkondo wake wa umeme ni mdogo sana, hautoshi kuuchemsha uzi wa taa ile mpaka utoe mwanga. Volti zipo, nguvu ya kutosha haipo: ni mambo mawili tofauti, na watu wazima wengi hawayajui. Mtoto aliyeachwa na swali lake angeweza kujaribu taa ndogo za siku hizi, zile ziitwazo ledi. Ledi nyekundu inahitaji karibu volti mbili, lakini inaridhika na mkondo mdogo kabisa. Angefunga malimao matatu au manne kwa mstari, shaba ya moja na zinki ya linalofuata, na usiku angeona nukta nyekundu inang'aa. Kisha, siku nyingi zikipita, angetazama msumari na kuona zinki inaliwa. Angejua kwamba nguvu haikutoka katika uchachu wa limao: ilitoka katika zinki inayoyeyuka, na limao ni njia tu. Mafundisho haya yote yamezikwa chini ya betri moja iliyofichwa.

Na baba mwenye busara angefanya nini? Angeketi karibu na mtoto na kuuliza: «Umeona nini? Unadhani ni kwa sababu gani? Ukibadilisha kitu kimoja tu, utabadilisha kipi?» Kesho yake asubuhi angempeleka kwa fundi wa redio, akamwombea ledi ya zamani na kipimo cha umeme cha kuazima. Na kama hata hivyo taa imekataa na siku imefika, angemwambia: «Andika kwamba haikuwaka, na uandike yote uliyoyajaribu.» Kazi inayosema kwa kweli «haikuwaka» ni kazi kamili ya sayansi. Ile inayowaka kwa hila haina sayansi ndani yake hata kidogo.

«LAKINI WENGINE WOTE WANAFANYA HIVYO»

Tunasikia neno hili mara nyingi: «Nikimwacha mtoto wangu peke yake, wale wanaosaidiwa watampita.» Ni neno zito, na hatulidharau. Mzazi hapendi mtoto wake aonekane wa mwisho. Lakini tufikiri pia juu ya mtoto wa mjane, anayekaa dawati moja na mtoto wetu. Yeye hakuwa na fundi wala mjomba wa chuo kikuu. Alitengeneza kitu chake kwa makopo na nyuzi, kimepinda, lakini ni chake. Kazi ya fundi wetu inapowekwa kando ya kazi yake, yeye anaonekana mjinga. Pointi tulizompa mtoto wetu tumezitoa katika mfuko wa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni maskini kuliko sisi.

Tena, tunampeleka wapi mtoto huyu? Tangu mwaka 1967 nchi yetu ina Egzamu ya Leta mwisho wa sekondari, na pale hakuna baba anayekaa kando ya mwanawe. Mtoto aliyezoea kubebwa atauliza: nani atanibeba leo? Sisi sote tumesikia habari za pointi zinazouzwa na za majibu yanayotembea mkononi. Tunalaumu walimu, tunalaumu Leta. Lakini mazoea ya kununua kazi ya mtu mwingine na kuiandika jina letu hayaanzi siku ya egzamu. Yanaanza mtoto akiwa mdogo, kwa kazi ya malimao.

Na hayaishii kwenye diploma. Muuguzi anayeandika homa ambayo hakuipima, mkaguzi anayetia sahihi juu ya daraja ambalo hakulikanyaga, mtu wa maabara anayejaza matokeo kabla ya kutazama damu: hao wote wanasema «niliona» na hawakuona. Tunapoumwa na kupanda gari tunataka watu waliojifunza tangu utoto kwamba neno «niliona» lina bei.

Tunajua pia kwa nini jambo hili ni gumu kwetu wazazi wa Kongo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 tumebeba shule mabegani mwetu, tukachanga hata mishahara ya walimu. Mwaka 2019 Leta ilianza kuleta elimu ya msingi bila malipo, lakini mzigo wa sekondari wazazi tunaujua. Na mtu anayelipa hudhani kwamba amenunua. Tunaona kama pointi ni haki yetu kwa sababu jasho letu limo ndani yake. Wapenzi, tulicholipia ni nafasi ya mtoto kujifunza. Kujifunza kwenyewe hakununuliwi, kama vile mtu hawezi kumlipa jirani ale bukari kwa niaba yake ili yeye ashibe.

JE, KUSAIDIANA SI DESTURI YETU?

Wengine wanatuambia: «Hiyo ya kumwacha mtu afanye kazi peke yake ni tabia ya kizungu. Sisi Waafrika tunasaidiana.» Ni kweli tunasaidiana, na tusiache. Lakini tukumbuke wazee walikuwa wakisaidia kwa namna gani. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kutengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama mali. Kazi kama ile haifundishwi kwa kumficha mtoto moto. Kwa mhunzi mtoto anavuta mivukuto, anabeba makala, anatazama rangi ya moto, kisha anapewa kipande kidogo akipige mwenyewe. Kikipinda, kimepinda: anakitia tena motoni. Mhunzi akimfanyia kila kitu kwa huruma, siku atakapokufa kijiji kitabaki bila jembe.

Kusaidiana kwa wazee kulikuwa kumweka mtoto ndani ya kazi. Msaada tunaoukataa hapa ni ule unaomtoa nje ya kazi yake, akabaki na jina tu juu ya karatasi.

MZAZI AMBAYE HAKUSOMA

Sasa tunageuka kwa mama na baba wanaosema kwa unyonge: «Sisi hatukusoma. Tutasaidia nini katika sayansi?» Mama, usiseme hivyo. Nani alikufundisha kuloweka muhogo mchungu siku nyingi kabla ya kuanika na kutwanga? Hiyo ni sayansi, na watu wamelipa kwa miguu yao pale ilipoachwa.

Katika nchi ya Kwango, iliyokuwa sehemu ya jimbo la Bandundu, kuna ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Unapooza miguu ghafula, hasa ya watoto na ya wanawake, na hauponi. Jina lake ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Watafiti waliokwenda huko walikuta kwamba muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kwamba kuloweka siku tatu kunaiondoa kwa sehemu kubwa. Lakini watu walipoanza kupunguza siku za kuloweka, kusudi muhogo upate kuuzwa upesi, sumu ilibaki. Na wale ambao chakula chao kilikuwa karibu muhogo tu, bila samaki wala maharagwe ya kutosha, ndio walioumia. Njia ya mkato ikawafunga miguu.

Mama ambaye hajui kusoma anaweza kumwuliza mtoto: «Kwa nini tunaloweka siku tatu na si moja? Muhogo unabadilika namna gani kila siku: ugumu wake, harufu yake, maji yake? Tazama, kisha uniambie.» Tayari amempa kazi nzuri ya sayansi, na hakushika kalamu. (Lakini mtoto asionje muhogo huo, atazame, aguse, anuse.) Jioni mtoto anamsomea aliyoyaandika, na mama anasema: «Hapa sijaelewa, eleza tena.» Neno hili, «eleza tena», ni msaada mkubwa kuliko fedha za fundi. Mtoto asiyeweza kumweleza mama yake bado hajaelewa.

MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

Kwanza, mpeni mtoto muda. Kwa wengi wetu msaada wa kwanza ni kumwachilia saa moja ya mchana, kabla giza halijaingia. Na hapa tuseme wazi juu ya mabinti. Mara nyingi kaka anakaa mezani na kazi yake, na dada anatumwa maji, makala na sokoni, kisha tunasema msichana hana akili ya sayansi. Tugawe kazi za nyumba kwa haki kabla ya kupima akili ya mtu.

Pili, tafuteni vifaa pamoja naye, vile vilivyo rahisi: makopo, mbegu, kamba, chupa, malimao. Maharagwe machache katika kitambaa chenye maji, mengine mahali penye mwanga na mengine gizani, yanatosha kumfundisha mtoto mambo ya wiki mbili.

Tatu, lindeni mwili wake. Hapa mzazi asisimame mbali. Moto, kisu, tindikali ya betri ya gari, umeme wa nyumba wa volti 220: mtoto asiviguse peke yake, na vingine asiviguse kabisa. Methali inasema mtoto akililia wembe apewe, lakini si katika mambo haya. Mzazi akikata kwa kisu badala ya mtoto mdogo, hajamwibia kazi yake.

Nne, ulizeni zaidi kuliko kujibu. Na kama mnajua jibu, vumilieni kidogo. Uvumilivu huo ndio unaotuchosha, kwa sababu mkono wa mtu mzima ni mwepesi na wa mtoto ni mzito. Lakini mkono mzito wa leo ndio utakaotuuguza tukizeeka.

Tano, msaada wote utajwe. Mtoto aandike mwisho wa kazi: «Baba alikata ubao. Fundi wa redio aliniazima kipimo. Dada yangu alisahihisha maandishi.» Hii si aibu. Hata wataalamu wakubwa wanaandika majina ya waliowasaidia. Nasi tunaona kwamba hapa ndipo penye mpaka tunaoutafuta. Msaada ambao mtoto anaweza kuutaja kwa sauti mbele ya mwalimu, na mzazi amesimama pale bila kuinamisha macho, ni msaada halali, hata ukiwa mkubwa. Msaada unaohitaji kufichwa ni haramu, hata ukiwa betri moja ndogo. Kabla ya kutia mkono katika kazi ya mtoto, kila mzazi ajiulize: je, hili litaandikika?

Kwa ndugu zetu walimu tunaomba jambo moja. Msitoe pointi kwa uzuri wa chombo. Mwite mtoto, mwulize: ulianza namna gani, nini kilikataa, ungefanya tena ungebadilisha nini? Katika mashindano makubwa ya sayansi ya wanafunzi huko Marekani, yaliyoanza mwaka 1950 katika mji wa Philadelphia, mwanafunzi mwenyewe ndiye anayesimama na kujibu waamuzi. Hatuhitaji fedha za Marekani kwa kufanya hivyo. Dakika tatu za maswali zinatosha, na baba atakayejua kwamba mtoto ataulizwa hatamwita fundi tena. Tena msiagize vifaa vya bei kali, kwa maana mkifanya hivyo mtakuwa mnapima mfuko wa baba.

Wazazi wapenzi, siku inakuja ambapo mtoto atasimama mahali ambapo mikono yetu haifiki: mbele ya mgonjwa, mbele ya mashine, mbele ya hakimu, au mbele ya watoto wake mwenyewe. Siku ile hatauliza tulimpatia pointi ngapi. Atahitaji macho yanayoona, mikono iliyozoea kujaribu, na ulimi usioogopa kusema «haikuwaka» pale ambapo haikuwaka. Vitu hivi tunaweza kumpa sasa, nyumbani, kwa malimao manne na uvumilivu.

Mungu azibariki meza za nyumba zetu, ambapo watoto wanaandika, na atupe sisi wazazi hekima ya kujua saa ya kunyosha mkono na saa ya kuurudisha. Amina.